Mjomba, niliambiwa niandike mia

Shikamoo Mjomba,

Nasoma shahada ya afya ya jamii, mwaka wa tatu. Nisikufiche: sikuichagua. Niliomba udaktari, alama hazikutosha, nikapangiwa huku. Mwaka wa kwanza nililia, wa pili nikazoea, na huu wa tatu nilikuwa nimeanza hata kuipenda, hasa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, na somo la sera ya afya. Nikajiona siku moja nikiwa mmoja wa wale wanaoandika sera zenyewe.

Kisha nikaenda mafunzo kwa vitendo.

Nilipangiwa wiki nane katika ofisi ya afya ya wilaya. Kazi yangu ilikuwa takwimu za chanjo: nachukua fomu za kila kituo, najumlisha dozi, nagawa kwa idadi ya watoto walengwa, naingiza kwenye kompyuta. Wiki ya tatu kituo kimoja kikanipa asilimia 112 kwa dozi ya kwanza ya surua. Nikarudia hesabu mara tatu. Walengwa 1,000, dozi zilizotolewa 1,120. Nikampelekea msimamizi wangu. Hakuinua hata kichwa. "Hakuna asilimia mia na kumi na mbili duniani," akasema. "Weka mia, tuendelee."

Nikaweka mia, Mjomba. Kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata nikapelekwa kituo kilekile kusaidia siku ya kliniki. Akaja mama na mtoto wa miezi kumi mgongoni, surua bado. Nesi akamtazama, akatupa macho kwenye benchi, akamwambia arudi Alhamisi. Nilipouliza kwa nini, akanieleza kwamba kichupa kina dozi kumi, kikishachanganywa hakilali, na siku hiyo waliohitaji surua walikuwa wawili tu. "Nikimwaga nane nitaulizwa mimi, hutaulizwa wewe." Yule mama hakubishana. Alimfunga mtoto vizuri akaondoka. Sijui kama Alhamisi alirudi.

Tangu siku hiyo sina hamu na kitu. Naona takwimu ni za kupikwa na sera ni karatasi za kufungiwa kabatini. Rafiki yangu ananiambia kazi za sera zina wenyewe, kama huna mtu ndani usijisumbue. Baba naye kila nikienda nyumbani ananiuliza mbele ya wageni, "Hivi wewe ni daktari wa nini?" Ninayo fomu ya kuomba kuhamia uuguzi, mwisho wa kuirudisha ni mwisho wa mwezi. Je, nihame, angalau niwe na mgonjwa ninayemwona kwa macho? Nimalize, niunganishe moja kwa moja na uzamili wa sera ya afya? Au mwenye tatizo ni mimi niliyeandika mia?

Ni mimi, Mwenye Mia Yake

*

Marahaba, mpwa wangu.

Tuanze na hiyo mia, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Fomu ya kuhama imekuja nyuma yake tu.

Msimamizi wako kakosea. Asilimia 112 ipo, na sidhani kama kuna mtu aliyefanya kazi ya takwimu za chanjo miaka miwili ambaye hajakutana nayo. Dozi zinahesabiwa kituoni, moja moja, kwa kalamu. Walengwa mara nyingi hawahesabiwi na mtu yeyote. Huchukuliwa sensa, pengine ya miaka mingi nyuma, ikazidishwa kwa kiwango cha ongezeko la watu, ikagawanywa hadi ngazi ya kituo, na hiyo 1,000 uliyopewa ikazaliwa mezani. Kwa hiyo ulikuwa unagawa kitu kilichoonekana kwa kitu kilichokisiwa.

Sasa 112 inaweza kuwa imetoka wapi? Labda watu wamehamia eneo lile na makadirio hayajawajua. Labda akina mama wa kituo cha jirani wanavuka kuja hapo kwa sababu nesi wa hapo ana lugha nzuri. Labda watoto wa miaka miwili waliochelewa wanaandikwa kwenye safu ya walio chini ya mwaka mmoja. Labda dozi ya pili inaandikwa kama ya kwanza. Kila jibu lina dawa yake. La kwanza linataka watoto wahesabiwe upya na chanjo iongezwe. La pili linataka vituo viwili visomwe pamoja. Hayo mawili ya mwisho yanamalizwa na mtu mmoja akikaa na nesi nusu saa, rejista ikiwa wazi katikati yao. Ukiandika mia, majibu yote manne umeyazika kaburi moja, na hakuna atakayeuliza tena.

Fanya hesabu hii na mimi. Tuseme ni lile jibu la kwanza, na watoto halisi wa eneo lile ni 1,400. Dozi 1,120 gawa kwa 1,400 unapata asilimia 80. Watoto 280 hawajachanjwa. Nawe umefundishwa darasani kwamba surua ni mwepesi kusambaa kuliko karibu kila ugonjwa tunaoujua, na kwamba kuuzuia usienee kunataka takribani asilimia 95 ya watoto wawe na dozi zote mbili. Ofisi iliyoandika mia inalala fofofo. Mwaka ujao chanjo itaagizwa ya watoto 1,000 tena, na hao 280 watakuwa wamepata wadogo zao.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui, msimamizi wako hajui, na mia ndiyo iliyowazuia kujua.

Lakini jambo zito kuliko yote katika barua yako umelipita mbio. Kituo chenye asilimia 112 ndicho kituo kilichomrudisha mtoto ambaye hajachanjwa. Soma tena sentensi hiyo. Umeandika mambo hayo mawili kama misiba miwili tofauti, mmoja wa wiki ya tatu na mwingine wa wiki ya nne, kumbe ni jambo moja ulilolishika pande zote mbili. Wapo watafiti wanaozunguka miezi mingi wakitafuta bahati kama hiyo.

Nesi simlaumu, na wewe usimlaumu. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, huchanganywa na kimiminika chake, na ikishachanganywa haina kinga dhidi ya vijidudu. Inatakiwa itupwe baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa, lolote litakalotangulia. Kanuni hiyo ipo kwa sababu chanjo iliyolala imewahi kuua watoto. Kwa hiyo aliposema hakilali alikuwa sahihi kabisa. Alipokosea ni kwenye kumrudisha mtoto, maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwani dozi tisa zilizomwagwa zina nafuu kuliko mtoto aliyekwenda bila chanjo na asirudi. Kwa nini basi alimrudisha? Kakwambia mwenyewe: ataulizwa. Ataulizwa dozi zilizomwagika. Hakuna atakayemuuliza mtoto aliyerudi nyumbani.

Siku ukienda tena pale, omba fomu ya mwezi uitazame kwa makini. Tafuta safu ya dozi zilizomwagwa. Halafu tafuta safu ya watoto waliorudishwa bila chanjo. Ukikuta ya kwanza ipo na ya pili haipo, utakuwa umeiona sera kwa macho yako, nayo haikuwa kabatini. Aliyebuni fomu ile ndiye aliyemfukuza yule mama, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka kuokoa fedha za chanjo. Kuna nchi zinazonunua vichupa vya dozi tano. Dozi moja inapanda bei, na jokofu linabeba watoto wachache zaidi kwa nafasi ileile, lakini nesi hatetemeki kufungua. Kupima hayo yote na kusema lipi lina faida kwa eneo lipi ndiyo kazi ya mtu wa sera ya afya. Ndivyo ilivyo, mpwa, na haina mapambo.

Darasani mmeshasimuliwa habari za John Snow, yule daktari aliyesema kipindupindu kinaenezwa na maji, na bomba la maji la Broad Street, London, 1854. Kila mwalimu huanzia pale na mimi pia nilianzia pale, ila siku hizi naona tunawasimulia kipande kidogo kuliko kinachofaa. Mwaka uleule Snow alifanya kazi nyingine, ya kuchosha, isiyo na picha nzuri. Kusini mwa jiji kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile, nyumba hii mteja wa huyu, nyumba ya pili mteja wa yule. Snow akaenda mlango kwa mlango kwenye nyumba zilizokufa mtu kwa kipindupindu akiuliza, "Maji yenu ya nani?" Southwark and Vauxhall ilikuwa na nyumba 40,046 na vifo 1,263. Lambeth nyumba 26,107 na vifo 98. Ukigawa, unapata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 upande mmoja, na 37 upande wa pili. Angeishia kuhesabu maiti, mtu angemwambia kampuni ile ina wateja wengi ndiyo maana ina misiba mingi, na hoja ingekufa palepale. Kilichombeba ni idadi ya nyumba, ile namba ya chini ya mstari. Namba ya aina hiyohiyo ndiyo iliyokusumbua wewe.

Na Lambeth ilikuwa imefanya nini? Mwaka 1852 ilikuwa imehamishia mdomo wa bomba lake upande wa juu wa mto Thames, mbali na maji machafu ya jiji. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zote zilizochota sehemu hiyo chafu ya mto zihame, ila likazipa muda hadi 1855. Wenzake Lambeth wakasubiri. Kipindupindu hakikusubiri. Hao 1,263 walikufa sheria ikiwa tayari imepita, imetiwa sahihi, nzuri kabisa, inangoja tarehe yake. Mtu akikwambia sera ni karatasi tu, mpe hiyo tarehe.

Nikueleze pia kwamba wakubwa wa afya wa wakati ule hawakumkubali Snow, na alifariki 1858 kabla hawajamkubali. Sikwambii haya kukutisha. Nakwambia kwa sababu vyuo vinafundisha kupata jibu miaka mitatu, minne, na kumfanya mtu mwingine alitumie jibu hilo kunaachiwa kipindi kimoja cha mwisho wa muhula, Ijumaa, watu wamechoka. Mimi niliingia kazini hivyohivyo. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 46 na majedwali ya rangi. Mkuu wangu alifunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa mwisho, akanitazama kwa upole kabisa: "Sasa Jumatatu asubuhi unataka nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba huyu mtu ana Jumatatu. Alinirudishia ripoti, na hadi leo nikikaa kuandika namwona mlangoni na swali lake.

Sasa maswali yako.

Kuhama. Jiulize kuhusu yule mama jambo moja tu: ulitamani uwe wewe unayemdunga mtoto wake, au ulitamani ujue kwa nini amerudishwa? Ukiona ni la kwanza, jaza fomu leo, uuguzi utapata mtu mwema. Ila katika barua yako, mama alipoondoka, wewe ulibaki na nesi ukimhoji. Mimi naona jibu limo humo. Pia usifikiri hizi ni dini mbili. Snow mwenyewe alikuwa daktari wa kulaza wagonjwa usingizi, 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu akijifungua, na mwaka uliofuata akawa anabisha milango kuuliza habari za maji. Unaweza kumaliza hii kisha ukasomee uuguzi. Usihame tu kwa kukimbia jedwali, kwa sababu hata wodini kuna fomu, na kuna atakayekwambia weka mia.

Uzamili. Kama umepata ufadhili, kasome, usinisikilize. Kama ni wa kulipa mwenyewe au wa kukopa, fanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili mahali ambapo takwimu zinazaliwa: kituo, wilaya, mradi, hata kwa kujitolea ikiwa nyumbani wanaweza kukubeba. Nimefundisha wanafunzi wa uzamili waliotoka moja kwa moja darasani. Ni wepesi wa kunukuu, lakini ukiwapa jedwali lenye 112 wanaliamini au wanalifuta. Wewe tayari ulisimama. Kabla hujamaliza shahada jiimarishe kwenye takwimu hadi programu ya kompyuta isikutishe, na uchukue somo lolote la uchumi wa afya hata kama si la lazima. Tena jifunze kalenda ya bajeti ya serikali kuliko unavyojua siku za mitihani. Pendekezo zuri lililofika wiki moja baada ya bajeti kufungwa ni pendekezo la mwaka ujao.

Kazi zina wenyewe. Zipo zenye wenyewe, sitakudanganya, na nimeona vijana wazuri wakipitwa na watoto wa watu. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga, na karibu kila mara wakubwa wakishapigana maneno kuna mmoja atauliza, "Namba ziko wapi?" Anaitwa mtu aliye nazo. Mara nyingi ni kijana aliyekaa pembeni na kompyuta yake, hana ukoo na yeyote humo ndani. Kikao cha pili anaitwa kwa jina. Mlango huo ni mwembamba na mshahara wake wa mwanzo ni mdogo, jua hivyo kabla hujaingia.

Msimamizi wako. Usimfanye mwizi. Inawezekana kabisa kwamba yeye naye akituma 112 hupigiwa simu na kugombezwa, au mfumo wa kompyuta humkatalia. Rudi kwake akiwa peke yake, asubuhi, na rejista mkononi. Usimwambie alikosea. Mwambie, "Ile mia niliyoingiza imenishinda kulala, naomba unisaidie kujua 112 ilitoka wapi." Akikubali, irudishwe namba halisi pamoja na maelezo mafupi pembeni. Akikataa, andika namba zote mbili kwenye ripoti yako ya mafunzo na umwonyeshe mwalimu anayekusimamia chuoni. Wala usipige picha ukurasa wa rejista wenye majina ya watoto, wala usiyatupe mambo haya mitandaoni. Wenzako wamejifukuzisha kwa hilo, na walikuwa na haki upande wao.

Ndiyo, uliandika mia. Una miaka ishirini na kitu, ulikuwa mgeni ofisini, na aliyekuamuru ndiye atakayekupa alama. Kosa lako linafutika kwa kufungua faili na kubadilisha kisanduku kimoja, ilimradi uende kabla hawajafunga taarifa za robo mwaka.

Ukishamaliza, niandikie ukurasa mmoja. Usizidi. Juu kabisa weka kile mkuu wa afya wa wilaya anachotakiwa kufanya Jumatatu: kwa mfano, kuwaandikia vituo vyote kwamba kichupa cha surua kifunguliwe kwa mtoto yeyote anayestahili na hakuna nesi atakayeulizwa dozi zilizobaki, na kuongeza safu ya watoto waliorudishwa kwenye fomu ya mwezi. Chini yake weka namba zako, 1,000 na 1,120, na unachofikiri kinazitenganisha. Halafu yule mama, mistari miwili, bila jina. Nafasi ikibaki, acha wazi. Mkuu huwa anaandika humo. Ukurasa huo ndio utakaokwenda nao kwenye usaili wako wa kwanza, wakati wenzako wamebeba cheti peke yake.

Baba mwachie kwanza. Hilo swali lake mbele ya wageni linauma, najua, nami niliulizwa mpaka nikaota mvi. Siku moja akiwa hana mgeni mchoree kwenye karatasi 1,120 juu ya 1,000, umuulize yeye inawezekanaje. Wazee wanapenda fumbo.

Fomu ya kuhama ni ya mwisho wa mwezi, kliniki ya chanjo ni kila Alhamisi. Nenda Alhamisi hii. Kaa na nesi kwenye rejista, na umtafute mtoto wa miezi kumi aliyeambiwa arudi.

Mjomba wako